Kabla hujafungua dripu, tazama shingo

Zamu yangu ya kwanza ya usiku nikiwa peke yangu, nilipokea mgonjwa aliyetoka kubadilishiwa vali ya mitrali, ile ya upande wa kushoto wa moyo. Saa mbili baadaye presha ya juu ikawa 80, mikono baridi, mkojo umekata. Nikafanya kile mikono iliyozoea wodi nyingine hufanya: nikafungua dripu. Nusu lita ikaingia, presha ikapanda kidogo, kisha ikashuka chini ya pale ilipokuwa. Nikaagiza nyingine. Presha ya vena kuu, yaani ya damu inayorudi moyoni, iliyokuwa 9, ikafika 18 nami nimekodolea macho namba ya ateri tu. Dada nesi aliyekuwa kitanda cha pili akaniambia taratibu, "Dokta, hebu tazama shingo." Mishipa ilikuwa imetuna mpaka chini ya taya.

Wewe unayeanza kazi kwenye upasuaji wa moyo, nakuandikia kwa sababu ya nusu lita ile.

Ventrikali ya kulia, chumba cha chini cha moyo upande wa kulia, ina ukuta mwembamba, milimita 3 hadi 5. Iliumbwa kusukuma damu kwenye mapafu, ambako wastani wa presha kwa mtu mzima mwenye afya hauzidi 20. Ukiiongezea damu kwa kiasi inavumilia. Ukiiwekea ukinzani mbele, inatanuka. Ikitanuka inausukuma ukuta wa katikati uelekee kushoto, ventrikali ya kushoto inakosa nafasi ya kujaa, damu inayokwenda mwilini inapungua, na presha ya aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni, inaanguka. Sasa ile mishipa ya koronari inayoilisha ventrikali ya kulia yenyewe inakosa msukumo, nayo inazidi kuchoka. Dripu yangu ilikuwa inalisha duara hilo.

Kuna historia nyuma ya dharau tunayouonyesha upande huu. Mwaka 1943 Isaac Starr na wenzake waliunguza ventrikali ya kulia ya mbwa, na presha ya vena haikupanda sana. Watu wakaishi miaka mingi wakiamini kuwa upande wa kulia ni bomba la kupitishia damu tu. Lakini mbwa wale walikuwa na mapafu mazima, na ukuta wa katikati uliendelea kuwasaidia. Mgonjwa aliyekaa na mitrali iliyoziba miaka kumi hana mapafu ya namna hiyo.

Ukiwa chumba cha upasuaji, chungulia juu ya pazia. Kifua kikifunguliwa, sehemu kubwa ya moyo unayoiona ni ventrikali ya kulia; ndiyo iko mbele. Itazame kabla ya kuingia kwenye mashine ya moyo na mapafu: imesimama kimo gani, inajikunja vipi. Ukitoka kwenye mashine utakuwa na cha kulinganisha, na ukiiona imevimba mviringo na inatikisika badala ya kukaza, sema kwa sauti. Hakuna atakayekucheka, na akicheka, acha acheke.

Mara nyingine chanzo ni hewa. Mgonjwa amelala chali, na mdomo wa koronari ya kulia uko upande wa juu wa aota, kwa hiyo mapovu yaliyobaki upande wa kushoto hupanda humo. ECG, kipimo cha umeme wa moyo, inainua mstari wa ST kwenye II, III na aVF, ventrikali inatuna ghafla. Pandisha presha, omba mashine isaidie dakika chache, na mara nyingi hewa hupita. Isipopita, muulize daktari mpasuaji kuhusu grafti (mshipa uliopandikizwa) au mshono uliopita karibu na koronari hiyo. Uliza pia kadioplejia, dawa ya kusimamisha moyo wakati wa upasuaji, ilipitia wapi: ile inayotiwa kinyumenyume kupitia sainasi ya koronari, vena ya moyo wenyewe, huilinda ventrikali ya kulia vibaya. Protamini, dawa ya kurudisha kuganda kwa damu baada ya mashine, nayo itoe polepole, kwani mara chache huikaba mishipa ya mapafu kwa ghafla.

Eko, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ina mtego wake. TAPSE, yaani umbali ambao ukingo wa vali ya trikaspidi husogea kila pigo, chini ya milimita 17 ni dalili mbaya kwa mtu ambaye hajaguswa. Lakini perikadiamu, mfuko unaouzunguka moyo, ikishafunguliwa, kipimo hicho hushuka kwa karibu kila mgonjwa, hata yule ambaye ventrikali yake inasukuma vizuri. Nilijaza mafaili mengi "upande wa kulia umefeli" kabla sijaelewa. Tazama picha nzima: ukubwa wake ukilinganisha na kushoto, ukuta wa katikati kama umebonyea, vali ya trikaspidi, mlango wa kuingia ventrikali ya kulia, inavuja kiasi gani. Na presha ya ateri ya mapafu ikishuka huku ya vena kuu inapanda, usishangilie. Ventrikali imeishiwa nguvu ya kuipandisha.

Matibabu huanzia kwenye ventileta, mashine ya kupumulia, kabla ya dawa. Oksijeni kidogo, kaboni dayoksaidi nyingi, tindikali kwenye damu, baridi, PEEP kubwa (presha inayobaki mapafuni mwisho wa kila pumzi): vyote huongeza ukinzani wa mapafu. Kisha linda presha ya aota kwa noradrenalini au vasopresini, dawa za kukaza mishipa. Milrinoni huongeza nguvu na kulegeza mishipa ya mapafu, ila hushusha presha, na figo zikiwa mbovu hukaa mwilini muda mrefu. Nitriki oksaidi ya kuvuta ikiwepo, usiikate kwa mkupuo. Usisahau mapigo: atria, vyumba vya juu vya moyo, zikikosa kupiga kwa mpangilio, ventrikali hii huumia mapema.

Ila kabla hujatamka "ventrikali ya kulia", ondoa shaka ya damu iliyoganda kuuzunguka moyo. Vena imejaa, presha imeanguka, na mirija ya kifua iliyokuwa ikitoa damu imekauka ghafla: mwite mpasuaji kwanza, mjadala baadaye.

Kwa yule mgonjwa wangu, mirija ilikuwa inatoa vizuri na eko haikuonyesha damu. Nilifunga dripu, nikashusha PEEP kutoka 10 hadi 5, nikaanza noradrenalini, halafu milrinoni, halafu furosemaidi, dawa ya kukojoza. Wastani wa presha ulikuwa 60 na vena 18, maana yake figo zilikuwa zimebakiwa na 42 tu za kufanyia kazi. Alfajiri vena ilisoma 11. Dada nesi akaandika kwenye chati mililita 70 za mkojo za saa iliyopita, akanigeuzia karatasi niione, akaendelea na kazi yake.