Filamu mbili kwa mkao mmoja: namna ya kuoanisha filamu za zamani za Hollywood

Ukiweka filamu mbili za zamani usiku mmoja kwa sababu tu zote mbili ni za zamani, wageni wataanza kusinzia kabla ya saa nne. Kinachowaweka watu macho ni filamu ya pili kuijibu ya kwanza. Kabla hujamwalika mtu, jaribu kutaja kiungo cha jozi yako kwa sentensi moja, na sentensi hiyo itaje kitu kinachoonekana kwa macho. “Zote ni za mapenzi” haitoshi. “Mwigizaji yuleyule, nafasi ileile, miaka 21 baadaye” inatosha kabisa, na jozi hiyo ipo.

Ni Red Dust ya 1932 na Mogambo ya 1953. Clark Gable ndiye stelingi wa zote mbili, na skripti zote mbili ni za John Lee Mahin. Kisa ni kimoja: mwanamume anaishi mbali na mji, mwanamke mwenye ulimi mkali anamwangukia bila kualikwa, kisha wanafika mume na mke wageni, na mke wa mtu anaanza kumchanganya mwenyeji. Red Dust inatokea kwenye shamba la mpira huko Indochina, lakini ilipigwa studioni kwa MGM, nyeusi na nyeupe. Mogambo iliongozwa na John Ford, ikapigwa kwa rangi katika nchi za Afrika Mashariki, Kenya na Tanganyika zikiwemo, na shamba la mpira likageuka kuwa biashara ya kunasa wanyama.

Waambie wageni washike mambo mawili tu. La kwanza ni kuoga. Jean Harlow anaoga ndani ya pipa la maji huku akimtania Gable, na filamu haioni haya, kwa sababu ilitengenezwa kabla Hollywood haijaanza kukaza kanuni zake za maadili mwaka 1934. Miaka 21 baadaye ni zamu ya Ava Gardner na bafu la nje. La pili ni bastola karibu na mwisho: nani anaishika, na nani anadanganya baadaye kuhusu kilichotokea. Hapo ndipo mtu anapoona jinsi kisa kilekile kinavyobadilika kikishikwa na mkono mwingine. Sikilizeni pia muziki. Mogambo haikutiwa okestra ya Hollywood. Kinachosikika ni ngoma na nyimbo za wenyeji. Na usimfiche mgeni kasoro: katika Red Dust mpishi wa Kichina amefanywa kichekesho, na katika Mogambo Waafrika wengi ni wabebaji na watumishi wasiopewa nafasi ya kuzungumza. Ukilisema hilo mapema, watu hutazama kwa macho makini zaidi.

Sasa hesabu ya muda. Red Dust ni dakika 83, Mogambo ni 116, jumla 199. Ongeza mapumziko ya dakika 25. Ukianza saa 12:30 jioni utamaliza saa nne na robo usiku, na watu watapata usafiri wa kurudi. Jozi isizidi dakika 210 kama ni siku ya kazi. Mtindo huu wa filamu mbili una asili yake. Wakati wa mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930, kumbi za Marekani zilianza kuonyesha filamu mbili kwa tiketi moja ili kuvuta watu, na ile ndogo, filamu B, mara nyingi ilikuwa ya dakika 60 hadi 70. Mtu hawezi kukaa kwa urahisi kwenye filamu mbili ndefu mfululizo. Kwa hiyo fupi itangulie, ndefu ifuate. Ukigeuza, ile fupi huonekana nyepesi mno, hata kama ndiyo bora.

Jozi ya pili ninayoipendekeza kwa yeyote anayeanza ni Casablanca (1942, dakika 102) na The African Queen (1951, dakika 105). Kiungo chake: Humphrey Bogart anacheza mara mbili mwanamume ambaye hataki kuingia kwenye vita vya watu, na mara mbili mwanamke anamwingiza. Zote mbili zinatokea Afrika, lakini Afrika ya Casablanca karibu yote ilijengwa kwenye studio ya Warner Bros. kule Burbank, California, ilhali John Huston aliwapeleka Bogart na Katharine Hepburn hadi Kongo na Uganda. Baada ya ukumbi wa Rick, yaani Bogart wa Casablanca, wenye moshi, piano na vivuli, jua la mtoni linapiga macho. Mshtuko huo hupotea ukianza na The African Queen, kwa hiyo usibadilishe mpangilio.

Kwa msomaji wa Tanzania filamu hiyo ina jambo la nyumbani. Kisa kinaanza mwaka 1914 katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, na meli ya kivita wanayoiwinda inatukumbusha Graf von Götzen, meli ambayo Wajerumani waliizamisha wenyewe Ziwa Tanganyika mwaka 1916, ikaja kuopolewa na kuitwa Liemba. Tazama kwa makini tukio la kanisani mwanzoni. Hepburn anapiga kinanda, kaka yake anaongoza wimbo kwa jasho, waumini wanajikokota na maneno wasiyoyaelewa. Bogart anafika na boti lake, anatupa kipande cha sigara nje, na watu wanakigombania. Ni tukio fupi, linachekesha, na linauma. Halafu askari wanachoma kijiji na Waafrika karibu wote wanatoweka kwenye filamu. Liongeleeni hilo wakati wa chai baada ya filamu, msilikwepe.

Ya tatu ni ya Barbara Stanwyck: The Lady Eve (1941, dakika 94) kisha Double Indemnity (1944, dakika 107). Mara zote mbili anamlaghai mwanamume. Mara ya kwanza tunacheka naye, mara ya pili kuna maiti. Wengi hushauri kichekesho kiwe cha mwisho ili watu waende nyumbani na furaha. Hapa ushauri huo ni mbaya. Ukishamwona Stanwyck akiwa na zile nywele bandia za dhahabu katika Double Indemnity, huwezi tena kumwamini katika kichekesho. Lakini ukianza na kichekesho, tabasamu lake la filamu ya pili linakutisha maradufu kwa sababu ulishalipenda.

High Noon (1952, dakika 85) na Rio Bravo (1959, dakika 141) ndiyo jozi yenye mabishano ya kweli ndani yake. Howard Hawks hakupenda kumwona mlinda sheria wa High Noon, Gary Cooper, akizunguka mji mzima kuomba msaada kwa watu wasio na ujuzi wa bunduki. Akatengeneza Rio Bravo, ambamo John Wayne anaukataa msaada wa aina hiyo, na unamjia hata hivyo. Muziki wa zote mbili ni wa Dimitri Tiomkin. Katika High Noon fuata saa za ukutani: adui anakuja na treni ya saa sita mchana, na muda wa filamu unaenda karibu sawasawa na muda wa kisa. Kisha kamera inapanda juu taratibu na kumwacha Cooper mdogo kama mdudu katika barabara tupu. Rio Bravo inafungua kwa dakika kadhaa bila mtu kusema neno: mlevi anaitamani sarafu iliyotupwa kwenye chombo cha mate, na Wayne anakipiga teke chombo hicho kabla mkono haujafika. Hizi mbili ni dakika 226, kwa hiyo ziwekwe Jumapili kuanzia saa tisa alasiri, si usiku.

Kuna jozi zinazopendeza kwenye karatasi na kushindwa sebuleni. Sunset Boulevard na All About Eve ni za mwaka mmoja, 1950, zote zinahusu waigizaji wanawake wanaoogopa kuzeeka, na wote wawili, Gloria Swanson na Bette Davis, walishindwa Oscar ileile na Judy Holliday. Lakini ni dakika 248 za maneno mengi na uchungu uleule, na nusu ya pili inawachosha hata wapenzi wakubwa. Zipe kila moja usiku wake. Double Indemnity na The Postman Always Rings Twice nazo zinafanana mno: zote zimetoka kwenye riwaya za James M. Cain, mke, hawara na mume wa kuuawa. Ya pili inakuwa marudio. Hatari!, iliyopigwa Tanganyika na kutoka 1962, ni dakika 157, haihitaji mwenzake.

Trader Horn (1931) na Tarzan the Ape Man (1932) ni kwa wanaotaka kujifunza jinsi Hollywood ilivyoitengeneza “Afrika” yake. Mwongozaji ni mmoja, W. S. Van Dyke, na picha zilizobaki za Trader Horn, zilizopigwa huku kwetu, zilitumika tena ndani ya Tarzan. Angalia tembo wa Tarzan: ni wa Asia, wamevalishwa masikio bandia. Ubaguzi umejaa kwenye zote mbili, kwa hiyo zisiwe za watoto bila mtu mzima wa kuwaeleza.

Sasa runinga, maana hapa ndipo jioni nyingi huharibika. Filamu nyingi za kabla ya 1953 zina picha inayokaribia mraba. Kwenye runinga ya inchi 43, yenye upana wa karibu sentimita 95, picha itachukua sentimita 73 na kila upande utabaki ukanda mweusi wa sentimita 11. Uache. Ukivuta picha ijaze kioo, nyuso zinanenepa. Ukiikuza, vichwa vinakatwa. Kisha ingia kwenye mipangilio ya picha, chagua hali ya sinema, na uzime kipengele cha kulainisha mwendo. Kipengele hicho hubuni picha za katikati ambazo hazikupigwa, na Bogart anaonekana kama yuko kwenye tamthilia ya mchana. Sauti ni ya mkondo mmoja, kwa hiyo zima madoido ya sauti ya kuzunguka. Yanayatia maneno mwangwi. Filamu za mwanzo wa miaka ya 1930 zina sauti ndogo yenye mchakacho. Pima dakika 5 za kila filamu kabla wageni hawajafika na andika namba ya sauti inayofaa. Kama ni msimu wa mvua na paa ni la mabati, weka maandishi ya chini tangu mwanzo.

Maandishi hayo yana ugonjwa wake. Yakianza sawa na waigizaji kisha yakachelewa au kuwahi kidogo kidogo, tatizo ni kasi. Filamu hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde, lakini nakala za PAL, mfumo wa televisheni wa Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika, huenda 25, yaani asilimia 4 haraka zaidi. Filamu ya dakika 100 inakuwa ya 96, na kufikia mwisho maandishi yamepishana na sauti kwa dakika 4. Kuyasogeza mbele au nyuma hakusaidii. Tafuta faili la maandishi lililotengenezwa kwa nakala yako. Faili hilo lipewe jina lilelile la faili la filamu, vinginevyo runinga nyingi hazilioni. Filamu ikigoma kunakiliwa kwenye flashi, mara nyingi flashi imefomatiwa FAT32, mfumo wa kupanga mafaili usiopokea faili linalozidi GB 4. DVD zilizonunuliwa Marekani ni za kanda (eneo la mauzo) ya 1, na mashine zinazouzwa sehemu kubwa ya Afrika ni za kanda ya 5, hivyo hakikisha mashine yako inacheza kanda zote.

Wageni wasiofuata Kiingereza wanaweza kutafsiriwa kwa sauti, kama wafanyavyo ma-DJ wa mabanda ya video. High Noon inatafsirika vizuri, sentensi ni fupi. Kichekesho cha His Girl Friday usijaribu. Watu wanazungumza wakikatizana, na mtafsiri ataishiwa pumzi kabla ya dakika 10.

Chakula kizito kisitangulie. Pilau kabla ya filamu ya kwanza ni usingizi kwenye ya pili. Toa bisi na karanga mwanzoni, mlo wakati wa mapumziko, na taa ziwashwe kabisa dakika zote 25 ili macho yapumzike. Filamu ikianza, zima taa inayoelekea kioo na uache ndogo nyuma ya runinga, kwa sababu vivuli vya nyeusi na nyeupe hupotea kwenye chumba chenye mwanga.

Na Mogambo ikiisha, kabla watu hawajatafuta viatu, rudisha Red Dust kwenye tukio la pipa, dakika 3 tu. Wataitazama kama filamu nyingine.