Mikuki, ngao na gobore kutoka Kampala hadi Uingereza: kinachokwamisha mzigo

Ndugu, umeuliza namna ya kumtumia mnunuzi wa Uingereza mikuki miwili, ngao ya Karamoja na gobore la zamani. Kwanza vitenganishe. Ukivifunga kwenye kreti moja, kasoro ya kimoja itavizuia vyote.

Kitakachokusumbua zaidi ni ngao. Muuzaji hutazama chuma, lakini afisa wa forodha hutazama ngozi. Ngao ya Kiganda ya mbao na msuko haina tatizo hilo. Za Karamoja huwa za ngozi ya nyati, kiboko au twiga. Nyati hayumo kwenye majedwali ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Kiboko yumo Jedwali la Pili, la wanaouzwa kwa kibali, tangu 1995, twiga tangu 2019. Ukiandika "ngozi ya mnyama" kwenye ankara, mzigo utasimama mpaka mtaalamu aitwe. Andika jina la mnyama na la kisayansi, kwa mfano Hippopotamus amphibius. Kibali cha kutoa kinaombwa Wizara ya Utalii, Wanyamapori na Mambo ya Kale, na mnunuzi aombe cha kuingiza kwao kabla mzigo haujaondoka. Usitegemee kibali cha baada ya kufika. Ukiona mpini wa pembe ya ndovu au ukanda wa ngozi ya chui, kitoe kifaa hicho kwenye biashara kabisa. Sheria ya pembe ya Uingereza, inayotumika tangu 2022, imeacha mianya michache mno.

Kisha nenda Kira Road, kwenye Makumbusho ya Uganda, ukaombe ruhusa ya kutoa vitu vya kale. Sheria mpya ya makumbusho na minara ni ya 2023. Peleka picha za pande zote zenye rula ndani yake, uzito, na maelezo ya kitu kilipatikana wapi na kwa nani. Kama mkuki ni wa kuuzia watalii, omba barua inayosema hivyo. Barua hiyo ina thamani kuliko maneno ya wakala.

Gobore lichukulie kuwa bunduki mpaka polisi waandike vinginevyo. Kabla ya yote, hakikisha halina risasi ndani. Ingiza fimbo nyembamba ya mbao mpaka igote, itie alama usawa wa mdomo wa mtutu, kisha itoe na uilaze juu ya mtutu kwa nje, alama ikiwa mdomoni. Ncha isipofika kwenye tundu la moto, yaani tundu dogo la kuwashia baruti, huenda baruti na risasi vimo tangu enzi hizo. Usijaribu kuvichokoa, mwite fundi wa silaha wa polisi. Ruhusa nayo inahitajika kila nchi mzigo unakopita, ikiwemo Kenya ukitumia Malaba na Mombasa.

Neno "kale" halina maana moja. Kwa forodha, msimbo 9706 ni wa vitu vyenye zaidi ya miaka 100. Sheria ya bunduki ya Marekani hutazama zilizotengenezwa 1898 au kabla. Wakala akiandika 9307, msimbo wa panga, mikuki na silaha kama hizo, kwa mkuki wa kale, ameuingiza kwenye kundi la silaha bila sababu, maana sura ya 93 haihusu vitu vya kale. Soma tamko lake kabla halijawasilishwa.

Mikuki inagharimu kwa urefu wake. Kreti ya sentimita 210 × 25 × 20, ukizidisha vipimo na kugawa kwa 5000 kama wafanyavyo wasafirishaji wa ndege, inatozwa kama kilo 21 hata ikiwa na kilo 6. Posta mara nyingi inaishia mita 1.5. Usikate mpini! Mara nyingi kichwa kimechomekwa tu, hutoka kwa mkono. Kikigoma, kiache, usikichome moto. Mbao za kreti ziwe zimepashwa nyuzi 56 kwa dakika 30 na kugongwa muhuri wa ISPM 15, kiwango cha kimataifa cha mbao za kufungashia mizigo, la sivyo kreti inaweza kurudishwa au kuteketezwa.

Chuma kifunge kwa karatasi isiyo na asidi, si nailoni, kwa sababu unyevu hujikusanya na kutu huanza njiani. Ngao itie kwenye mfuko uliozibwa, igandishwe nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kuua wadudu wa ngozi na mayai yao.