Haikuonekana au haipo?

Swali: Maalim shikamoo. Mie nasoma hapa Tunguu, utafiti wangu naandika kwa Kiswahili. Nimelinganisha uzito wa karafuu za kuanikwa kwenye majamvi 6 na maturubai 6, p (uwezekano wa kupata tofauti kama hii au kubwa zaidi ikiwa kweli hakuna tofauti) ikatoka 0.21, nikaandika "nadharia tete sifuri (dhana ya kwamba hakuna tofauti) imekubaliwa, hakuna tofauti". Msimamizi kaipiga wino mwekundu. Kwani kosa liko wapi? Na "kiwango cha umuhimu" ni sawa?

Jibu: Marahaba mwanangu. Kosa liko kwenye kitenzi. Hebu ziache karafuu kidogo twende kwenye mwezi. Magharibi ya siku ya 29 watu wapo ufukweni wanautafuta, wingu limetanda, wanarudi wanasema mwezi haukuonekana. Sikiliza vizuri hapo, hawasemi haukuandama, maana pengine umeandama uko nyuma ya wingu, ila kwa vile hakuna alouona basi tunakamilisha 30. Na p yako ndo hivo hivo, tofauti haikuonekana, kwa hiyo nadharia tete sifuri haikukataliwa, tunabaki nayo tu, ukisema imekubaliwa ushaupita ushahidi ulonao, na majamvi 6 ni macho machache sana ya kutafutia mwezi.

Makosa ya kuamua kwa jaribio kama lako yapo mawili, wanatakwimu Neyman na Pearson walipoyaandika mwaka 1933 waliyapa namba tu, aina ya kwanza na aina ya pili, ndo mana wanafunzi wanayachanganya kila mwaka. Mie darasani nasema kosa la kuzua na kosa la kupitwa. La kwanza umetangaza mwezi na haujaandama, la pili umeandama ukakupita. Ukiwabana sana mashahidi hutazua lakini utapitwa, ukiwalegezea utazua, na dawa ya kupunguza yote mawili kwa pamoja ni kuongeza macho, yaani sampuli.

Ile 0.05, mpaka ambao p ikiwa chini yake tunaikataa nadharia tete sifuri, alopendekeza mtakwimu Fisher mwaka 1925, ni kipimo cha kuzua: kama kweli hakuna tofauti, ukarudia jaribio mara 100, kama mara 5 hivi utaona tofauti ya uongo. Haina maana kwamba matokeo yako ni kweli kwa asilimia 95, tafadhali sana hilo usiliandike.

Umuhimu sasa, maana ile 0.05 ndo mnaiita "kiwango cha umuhimu". Neno hili limeenea lakini linatupoteza. Tuseme umepima maelfu ya majamvi ukakuta tofauti ya nusu gramu kwa kilo, p itakuwa ndogo pengine, lakini nenda Wete kamwambie mkulima kwamba nusu gramu hiyo ni muhimu uone atavokutazama. Tofauti imebainika, umuhimu haupo. Ndo mana mie napendelea kiwango cha ubainifu, na muhimu tumuachie mwenye karafuu zake.

Kwa hiyo sentensi yako iandike hivi: "Kwa kiwango cha ubainifu cha 0.05, tofauti ya uzito haikubainika (p = 0.21), hivyo nadharia tete sifuri haikukataliwa, sampuli ilikuwa ndogo."