Watu Watakula Nini? Kwa Wanaoanza Kuifanya Kazi Kuwa Mazoezi ya Kibuddha

Anayeanza kukaa kutafakari huuliza swali hili mapema: nusu saa ya alfajiri nimeipata, je, siku nzima inayobaki, ambayo yote ni kazi, naifanyaje? Ni swali zuri, ila mara nyingi anayeuliza anatumaini atapewa mbinu ya kuwa mtulivu kazini. Nimepika kwa miaka, kwanza kwenye jiko la hekalu la Zen, tawi mojawapo la Ubuddha, nchini Japani, sasa kwenye jiko la shule ya bweni huku nyumbani, na nakwambia wazi tangu mwanzo: ukienda kazini kutafuta utulivu utaishia kuichukia kazi. Kuni zitakuwa mbichi, mwenzako wa zamu atachelewa, mkaguzi atafika siku usiyomtarajia, na kila mmoja utamwona kama amekuja kukuibia utulivu wako. Kila kazi ina mtu anayeingoja upande wa pili. Zoezi ni kumpa mtu huyo haki yake yote, na kujiangalia jinsi unavyojiingiza katikati yenu.

Fikra hii ina historia, na ukiijua itakusaidia usipotoke.

Watawa wa zama za Buddha kule India hawakulima. Kanuni zao ziliwakataza kuchimba ardhi na kukata mimea, nao waliishi kwa chakula walichotiliwa bakulini walipopita vijijini asubuhi. Hata hivyo Buddha aliwafundisha kuwa macho katika kila tendo: kwenda na kurudi, kukunja mkono na kuunyoosha, kuvaa, kula, kunywa, hata kwenda haja. Kazi ya jembe ilikuja kupata heshima yake baadaye, China. Mwalimu anayetajwa sana ni Baizhang, aliyefariki mwaka 814. Kwake watawa walitoka kufanya kazi pamoja, mkubwa kwa mdogo. Inasimuliwa kwamba alipozeeka wanafunzi walimwonea huruma, wakamfichia vifaa vyake vya kazi. Siku hiyo hakula. Akasema, siku bila kazi ni siku bila kula.

Sisi tuliokulia Tanzania hapo tunasikia "asiyefanya kazi na asile", na ni rahisi kuvichanganya. Msemo wetu, jinsi tulivyozoea kuusikia, humlenga mwingine, yule tunayemwona mvivu. Baizhang alijisemea mwenyewe na hakumnyima mtu sahani. Ishike tofauti hiyo. Siku utakapoanza kuwapima wenzako kwa zoezi lako, nani anafagia kwa makini na nani anapiga soga, zoezi limekwisha na umebaki na umbea.

Aliyeandika juu ya kazi za mikono kwa undani kuliko wote ninaowajua ni Dogen, Mjapani aliyevuka bahari kwenda China mwaka 1223. Meli ilipofika China, naye akiwa bado ndani yake bandarini, alipanda mzee wa miaka 61, mpishi mkuu wa monasteri ya mlima Ayuwang, kuja kununua uyoga kwa ajili ya supu ya sikukuu ya kesho yake. Alikuwa ametembea zaidi ya kilomita 15, na zilimngoja nyingine kama hizo za kurudi. Dogen alimsihi alale wazungumze. Mzee akakataa, akasema asipokuwepo mlo wa kesho utaharibika. Kijana akashangaa: mtu wa umri huu ahangaike na masufuria, badala ya kukaa akatafakari na kusoma maneno ya walimu wa kale? Mzee akacheka, akamjibu kwamba bado hajaelewa mazoezi ni nini.

Baadaye, kwenye mlima Tiantong, Dogen alimkuta mpishi mwingine, wa miaka 68, akianika uyoga saa sita za mchana. Vigae vilikuwa vinaunguza, kichwani hana kofia, mgongo umepinda, mkongojo wa mwanzi mkononi. Dogen akamwuliza kwa nini asiwaachie wasaidizi. "Wengine si mimi." Basi jua hili kali, kwa nini sasa hivi? "Ningoje wakati gani?" Dogen akanyamaza.

Aliporudi Japani mwaka 1227 alikaa hekalu la Kennin-ji, Kyoto. Huko aliona mpishi mkuu aliyebaki na cheo tu: ameketi chumbani, haingii jikoni kutazama wali wala mboga, kana kwamba kuonekana humo ni aibu. Mwaka 1237 akaandika maelekezo kwa wapishi wa monasteri, na mpaka leo yanasomwa katika mahekalu ya madhehebu yake ya Soto. Nayapenda kwa sababu hayaelei hewani. Ukimaliza mlo wa mchana, pokea vyakula vya kesho, vihesabu, vitunze kama mboni ya jicho. Osha mchele mwenyewe. Utazamapo mchele uone na mchanga, utazamapo mchanga uone na mchele. Maji ya kuoshea usiyamwage ovyo, yachuje isipotee punje. Vyombo vya juu viwekwe juu, vya chini viwekwe chini. Usinung'unike kwamba vitu ni vichache au ni duni.

Mchele unaouzwa Japani siku hizi hauna mawe, kwa hiyo wenzangu wa kule walilisoma hilo la mchanga kama fumbo. Mtu wa huku kwetu halioni fumbo. Kaa mahali ambapo mwanga unatokea ubavuni. Mwaga mchele upande mmoja wa sinia, uuvute kidogo kidogo kwa vidole kuja kwako. Chuya utaziona upesi, rangi yake inazitangaza. Kinachokupita ni kijiwe cheupe chenye ukubwa wa punje, na kinakupita pale akili inapoondoka: umeanza kumjibu kichwani mtu aliyekuudhi jana, mkono unaendelea kuvuta wenyewe, na fungu zima limehamia upande wa pili bila mtu aliyelitazama. Ukigundua, usijikaripie. Lirudishe fungu lile, ulipitie upya. Kule kurudisha ndiko ninakokuita mazoezi. Ukiwa kwenye mto wa kukalia, akili ikipotea unarudi kwenye pumzi na hakuna aliyejua. Hapa, usiporudi, mtoto wa kidato cha kwanza atauma jiwe.

Katika maelekezo yale yale Dogen anakumbusha kisa cha Xuefeng, aliyekuwa akipika chini ya mwalimu Dongshan katika karne ya 9. Siku moja anaosha mchele, mwalimu akamwuliza: unatoa mchanga ukaacha mchele, au unatoa mchele ukaacha mchanga? Akajibu kwamba anavitoa vyote kwa mara moja. Dongshan akauliza, "Basi watu watakula nini?" Xuefeng akapindua chombo, mchele ukamwagika.

Kuna wanaolisifu tendo la Xuefeng. Mimi nabaki na swali la Dongshan, na nawaachia wageni wote ninaopika nao. Anayeanza huwa na hamu ya kuelea juu ya mambo, aone safi na chafu ni kitu kimoja, sifa na lawama ni upepo. Maneno hayo yana mahali pake. Lakini yakikujia ukiwa zamu, jiulize: basi watu watakula nini? Kama wewe ni muuguzi, mtu wako ni yule anayesubiri kugeuzwa kitandani. Kama ni karani wa mapokezi, ni mama aliyeshika fomu asiyojua ijazwe wapi. Fundi anayefunga breki za bodaboda hamjui abiria wa saa nne usiku, na bado anamfungia yeye zile nati.

Dogen anataja mioyo mitatu ambayo mpishi anapaswa kuwa nayo: moyo wa furaha, moyo wa mzazi, na moyo mpana. Wa furaha ni kushukuru kwamba umejaliwa kuwalisha watu. Wa mzazi hauhitaji maelezo kama umelelewa na mtu aliyelala njaa ili wewe ule. Ule mpana ndio unaowasumbua wengi, nami pia bado unanifanyisha kazi. Maana yake ni kutopendelea. Dogen anasema usiidharau supu ya majani ya kawaida, wala usishangilie unapoandaa chakula cha kifahari. Kuna namna rahisi ya kujipima. Angalia unavyochambua maharage Jumanne ya kawaida, kisha angalia unavyochambua mchele wa pilau siku ya mgeni rasmi. Masufuria yanasuguliwa vile vile? Sauti unayomwitia kijana wa kuni ni ile ile? Tofauti utakayoiona hapo inakuonyesha unapika kwa ajili ya nani hasa, kwa uwazi ambao kukaa peke yako chumbani mwaka mzima kunaweza kusikupe.

Juu ya choo nitasema kidogo. Katika monasteri za Zen ukumbi wa kutafakari, bafu na choo ni mahali patatu pa kunyamaza. Choo kimewekwa daraja moja na ukumbi. Ukipangiwa kukisafisha, hujapangiwa adhabu.

Wengine huniuliza kama inabidi kujitangaza kazini. Hapana. Kwa desturi aliyoiandika Dogen, chakula kikishaiva mpishi hufukiza ubani na kusujudu mara tisa akielekea ukumbi waliko watawa, ndipo chakula kitoke. Kwenye jiko la shule siwezi kufanya hivyo na sihitaji. Napumua mara moja mikono ikiwa imetulia, kisha naruhusu ndoo zibebwe. Mwenzangu wa zamu husema bismillahi kabla ya kufunua sufuria, nami husimama naye mpaka amalize. Tafuta kituo kama hicho katika kazi yako, pale kazi inapotoka mikononi mwako kwenda kwa mwingine: kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma, kabla ya kumkabidhi mteja gari lake.

Sasa nifike kwenye jambo ninalotamani kila mgeni aambiwe mapema. Umakini peke yake hautoshi. Buddha alizitaja biashara tano ambazo mfuasi wa kawaida asizifanye: silaha, binadamu, nyama, vileo na sumu. Mwenye bucha au baa ataona orodha hiyo imemgusa, nami sitamdanganya kwamba kukata nyama kwa uangalifu kunalifuta swali. Historia nayo inatuonya. Katika vita vya karne ya 20 viongozi wengi wa Zen nchini Japani waliliunga mkono jeshi lao, na maneno ya kujisahau na kutimiza kazi iliyo mbele yako yakatumika kumwandaa askari. Mwaka 1992 madhehebu ya Soto yalitoa tamko la kuungama na kuomba radhi. Hawa walikuwa watu waliojua kukaa kuliko sisi. Kazi inafanywa vizuri, sawa, lakini upande wa pili amekaa nani, na anafanyiwa nini?

Kwa ukubwa mdogo zaidi, utakutana na hilo kazini kwako. Bosi akisikia unafanya kazi kama ibada, anaweza kukuongezea saa asizolipa na kukusifu kwa uvumilivu. Saa za ziada ziandike, mshahara wako udai, na kifaa kibovu kinachoweza kumkata mwenzako kiripoti kila siku mpaka kitengenezwe. Kumnyamazia anayewapunja wenzako si moyo mpana. Dogen alipokataza kunung'unikia uchache wa vyakula, alikuwa anazungumza na mpishi ambaye hakuna aliyekuwa anamwibia.

Ukitaka kuanza wiki hii, usijaribu siku nzima. Chukua kazi moja fupi, inayojirudia kila siku, ikiwezekana ile usiyoipenda. Kuosha chombo ulicholia ofisini inafaa, kufunga hesabu za jioni inafaa. Ifanye tangu kukitoa kifaa mahali pake hadi kukirudisha, na hapo kwenye kurudisha ndipo uwe mkali na nafsi yako, kwa sababu mwisho wa kazi ndipo akili inapokuwa imeshafika nyumbani kabla ya miguu. Simu ikae mbali. Usiongeze kazi ya pili mpaka ya kwanza iwe inakuita wewe badala ya wewe kuikumbuka.

Na usifanye peke yako kama una njia. Dar es Salaam kuna hekalu la Kibuddha lililoanzishwa na Wasinhala kutoka Sri Lanka mwanzoni mwa karne ya 20, na karibu na Entebbe kipo kituo cha Wabuddha wa Uganda tangu mwaka 2005. Wote ni wa mapokeo ya Theravada, tawi jingine la Ubuddha lisilo Zen, kwa hiyo hutakuta kanuni za jikoni nilizokueleza. Utakachokuta ni watawa wanaokula kile wanacholetewa na watu. Uliza ni siku gani unaweza kuwapikia, na ufike mapema, kwa sababu saa sita mchana ikishapita hawali tena.