Usiniulize wamefungwa ngapi, niulize wamefungwa lini

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza hivi: timu yako ikianza msimu kwa kufungwa ovyo, ni lini shabiki ana haki ya kudai kocha aondoke? Najua barua nyingi zitakuja na Simba na Yanga, Gor na Leopards. Mimi najibu kwa besiboli, kwa sababu huko ndiko nilikopata jibu langu, na nimelipata kwa uchungu.

Natoka Tanga. Kwa sasa naishi Silver Spring, Maryland, jirani kabisa na jiji la Washington, na kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao. Besiboli nimefundishwa na mzee mmoja niliyemtunza kwa miaka mitano. Kazaliwa Washington, na timu aliyoipenda tangu utoto, Senators, ilihamishwa kupelekwa Texas baada ya msimu wa 1971. Mji ukakaa misimu 33 bila timu, hadi 2005 ilipohamia ile ya Montreal na kupewa jina la Nationals. Mtu aliyesubiri hivyo haachi timu yake kwa sababu ya mwezi mmoja mbaya. Lakini pia hadanganyiki.

Kila mechi ilipoanza nilimwekea meza ya miguu mifupi kitandani, penseli mbili na daftari lake. Daftari la besiboli lina mistari ya majina ya wapigaji kushoto, na visanduku tisa mbele ya kila jina, kimoja kwa kila iningi, yaani kila kipindi cha mchezo. Ndani ya kisanduku kuna almasi ndogo. Mpigaji akifika besi, yaani kituo, ya kwanza unachora upande mmoja wa almasi, akifika ya pili unachora wa pili, akizunguka zote akarudi nyumbani unaijaza yote, huo ni mkimbio mmoja. Akikosa mpira mara tatu anatolewa, unaandika K. Akitolewa akiwa amesimama anautazama tu mpira ukipita, unaandika K iliyogeuka nyuma. Mzee mikono ilikuwa inamtetemeka, ila K zake zilikuwa zimenyooka. Penseli nyekundu hakuigusa mpaka iningi ya saba ipite. Kuanzia hapo, kila mkimbio wa wapinzani ulikuwa mwekundu.

Kwa asiyeujua mchezo huu, ashike jambo moja tu: kila timu inacheza mechi 162, karibu kila siku, kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba. Timu bora ya mwaka bado itapoteza kama 60. Sisi tuliokulia kwenye soka hilo ni gumu kulimeza. Ligi Kuu Bara ni mechi 30. Ukifungwa tatu mfululizo, mitaa inachafuka, na pengine ina sababu. Lakini mechi 50 za besiboli kwa hesabu ya kwetu ni kama mechi tisa za ligi. Mechi tisa! Bado hujamaliza hata mzunguko wa kwanza.

Sasa, mwaka 2019. Bryce Harper, kipenzi cha mji, alikuwa ameondoka kwenda Philadelphia kwa mkataba wa miaka 13 na dola milioni 330. Sisi tuliobaki tulijipa moyo: tunao warushaji wa maana, wale wanaomtupia mpigaji mpira, Max Scherzer, Stephen Strasburg, na Patrick Corbin aliyesajiliwa majira yale. Tunaye kijana Juan Soto, tunaye Anthony Rendon. Aprili 2, siku ileile Harper aliporudi Washington na jezi ya watu wengine, Trea Turner wetu akavunjika kidole cha shahada alipokuwa anajaribu kuugusa mpira kidogo kwa gongo ili uanguke karibu. Akakaa nje hadi katikati ya Mei. Rendon akapigwa na mpira kwenye kiwiko, Soto akapata maumivu ya mgongo, Ryan Zimmerman unyayo ukamgomea. Na warushaji wa akiba, wale wanaoingia mwishoni kulinda ushindi, walikuwa balaa. Mmoja wao, Trevor Rosenthal, mara nne za kwanza alizoingia uwanjani hakumtoa mpigaji hata mmoja. Mwanzoni mwa Mei kocha wa warushaji akafukuzwa. Hali haikubadilika.

Kisha New York, mechi nne dhidi ya Mets, zote tumepigwa. Mbili za mwisho sitazisahau. Mei 22 tunaongoza 1-0, iningi ya nane ikaja na mikimbio sita ya Mets. Kesho yake tunaongoza 4-3, iningi ya nane tena, Carlos Gómez akaupiga mpira ukavuka ukuta na watu watatu wakazunguka. Siku hiyohiyo Howie Kendrick alitolewa nje na mwamuzi kwa kubisha uamuzi, kocha Dave Martinez akatoka kumtetea mtu wake, naye akatolewa. Alivua kofia akaitupa chini, akapiga teke udongo. Nilimtazama nikasema huyu amekwisha. Ushindi 19, vipigo 31.

Jumamosi yake tulikuwa nyumbani kwa dada yangu, nyama iko motoni. Shemeji ni mtu wa Mombasa, anaendesha lori, na redio ya mechi haizimwi ndani ya lori lake. Alikuwepo pia mzee mmoja wa Bujumbura ambaye sote tunamwita Mzee tu, na heshima yake. Shemeji hakungoja hata chumvi.

"Huyu mtu aende. Aende leo."

"Jana si wamewafunga Marlins?" dada akasema.

"Marlins ni timu ya kujisifia, wewe? Mechi hamsini! Mechi hamsini mtu haoni kwamba wale warushaji wake wa mwisho hawafai? Anawaingiza walewale, tunafungwa vilevile."

Nikamwambia, "Shemeji, awaingize akina nani, na ndio alionao?" Lakini nasema ukweli, moyoni nilikuwa upande wake. Wiki nzima nilikuwa nasema kocha aondoke, nimesema hivyo kazini, nimesema kanisani.

Mzee wa Bujumbura akatugeukia taratibu. "Vijana, mimi mchezo huu siujui kama nyinyi. Ila nawasikia mmetaja kidole, mgongo, kiwiko na unyayo. Hapo kocha ana kosa gani?"

Shemeji akajibu vizuri, na lazima nimpe haki yake. Alisema kuumia ni bahati mbaya, lakini timu inayoongoza hadi iningi ya saba kisha inafungwa, hiyo si bahati mbaya, hiyo ni kazi mbovu ya mtu. Na mtu huyo ana jina.

Jumatatu nilipoingia kazini nikamweleza mzee wangu maneno ya shemeji. Hakubisha. Akaniambia nimletee daftari, akaanza kufungua kurasa kuanzia ya mwisho kurudi nyuma. Nyekundu, nyekundu, kurasa mbili hakuna, nyekundu. Akasema: "Usiniulize wamefungwa ngapi. Niulize wamefungwa lini." Akanionyesha kwa ncha ya penseli: warushaji wa kuanza wanafanya kazi yao, hizi hapa K. Majina haya, Turner, Soto, Rendon, hayapo kwenye kurasa hizi na hizi, na sasa yamerudi. Kilichobaki kimeoza sehemu moja tu, na ni sehemu inayonunulika. Kama kila ukurasa ungekuwa mwekundu tangu iningi ya kwanza, alisema, angeandika barua ya kumfukuza kocha yeye mwenyewe.

Hilo ndilo jibu langu kwa swali lenu, Mhariri, na mengine yote nimeyaandika kulielekea. Shabiki ana haki ya kudai kocha aondoke pale anapoweza kuonyesha kilichovunjika, na kwamba kocha ndiye aliyekivunja au ndiye anayezuia kisirekebishwe. Idadi ya vipigo peke yake haikupi haki hiyo.

Yaliyofuata mnayajua, au mkiuliza mtaambiwa. Meneja mkuu Mike Rizzo hakumfukuza Martinez. Kutoka 19-31 timu ikashinda mechi 74 na kupoteza 38. Juni, Scherzer alivunjika pua mazoezini kwa mpira wa gongo lake mwenyewe, na kesho yake akarusha iningi saba bila kuruhusu mkimbio, jicho limevimba na kuwa jeusi. Mwisho wa Julai wakaletwa warushaji wa akiba, mmojawapo Daniel Hudson. Kile kilichooza kikanunuliwa, sawasawa na alivyosema mzee.

Oktoba ikawa ya maajabu, nami siwezi kuipita. Mechi ya mchujo na Milwaukee tuko nyuma hadi iningi ya nane, Soto akapiga, mpira ukampita mchezaji wa kulia, watu watatu wakaingia, 4-3. Dodgers wakaondoka kwa mpigo wa Kendrick katika iningi ya kumi, ya nyongeza, ya mechi ya tano. St. Louis hawakupata hata mechi moja. Kisha Houston, fainali ya mechi saba ambayo kila mechi ilishindwa na mgeni, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Mechi ya saba, Oktoba 30, tuko nyuma 2-0 hadi iningi ya saba. Rendon akaupiga mpira ukavuka ukuta. Soto akapewa besi ya kwanza bila kupiga. Akaja Kendrick, huyuhuyu aliyetolewa nje New York, mtu wa miaka 36. Mpira ulikwenda kulia, ukakaribia kutoka nje ya mstari, ukagonga nguzo ya manjano. Mlio wake ulisikika ndani ya televisheni, ngo! Ukigonga nguzo hiyo unahesabiwa umevuka ukuta. Tukaongoza, na hatukurudi nyuma tena: 6-2. Aliyemtoa mpigaji wa mwisho ni Hudson. Mzee wangu aliijaza almasi ya Kendrick kwa mkono unaotetemeka hadi risasi ya penseli ikakatika, akaomba nimchongee nyingine.

Sitaki msomaji afikiri nasema kila mwanzo mbaya hugeuka. Mwendo wa chini ya saa moja kutoka kwangu iko Baltimore, na watu wazima wa huko bado wanauma midomo ukiwatajia 1988. Orioles walipoteza mechi sita za kwanza, uongozi ukamfukuza kocha Cal Ripken Sr., ambaye wanawe wawili walikuwa wachezaji wa timu ileile. Fikirieni nyumba ile jioni hiyo. Akaletwa Frank Robinson, mmoja wa wachezaji wakubwa kabisa wa historia ya timu hiyo. Akapoteza 15 mfululizo. Vipigo 21 tangu siku ya kwanza, na mwisho wa msimu ushindi 54, vipigo 107. Kocha hakuwa ndiye aliyevunjika pale. Kikosi chenyewe hakikuwepo. Walimtoa mtu baada ya siku chache, wakabaki na shida yao ileile.

Robinson huyo ndiye aliyekuwa kocha wa kwanza wa Nationals mwaka 2005. Mzee wangu alimpenda sana, akisema aliyeonja vipigo 15 hawezi kushtushwa na vitatu.

Kuna upande wa pili wa jibu langu, na shemeji hataniacha niunyamazie. Baada ya kombe, timu ilibomoka. Julai 2021 Scherzer na Turner wakapelekwa Dodgers. Agosti 2022 Soto naye akapelekwa San Diego, wakaja vijana kama CJ Abrams, MacKenzie Gore na James Wood. Mwaka huo vipigo 107. Tukaambiwa tusubiri, vijana wanakua. Nilisubiri, na nilikuwa tayari kusubiri, kwa sababu sababu ilionekana. 2023 ushindi 71. 2024 ushindi 71 uleule. 2025 vijana wamekua, wapo uwanjani, wengi wao wazima, kidole na unyayo si sababu tena, na timu inarudi nyuma badala ya kwenda mbele. Daftari ninalo mimi siku hizi. Mzee alinikabidhi pamoja na penseli. Kurasa za msimu ule zilikuwa nyekundu, na mimi kwa desturi yangu nikaanza kuweka nyekundu tangu iningi ya kwanza, maana kungoja ya saba hakukuwa na maana tena.

Julai 6, 2025, Martinez na Rizzo wakafukuzwa pamoja, timu ikiwa na ushindi 37 na vipigo 53. Watu walewale wawili waliookoka Mei 2019. Shemeji alinipigia simu akiwa barabarani Pennsylvania, sauti ya lori nyuma yake.

"Shemeji, umesikia? Nilisema mimi, miaka sita iliyopita!"

Nikamwambia mwaka ule alikosea na mwaka huu amepata, na kwamba nina kurasa 90 mezani za kumwonyesha akirudi. Akasema nimwekee chai, atapita Jumapili.