Yale mapira ya magurudumu

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: je, mzazi amsaidie mtoto kurembesha kazi yake ya mikono kabla hajaipeleka shule? Najibu nikiwa mtu aliyewahi kusaidia akaharibu.

Binti yangu akiwa na miaka 9 aliambiwa atengeneze kitu kinachojiendesha chenyewe. Akaunda gari la boksi. Magurudumu ni vifuniko vya chupa, ekseli ni vijiti vilivyopitishwa ndani ya mirija, na mpira mwembamba umezungushwa kwenye ekseli ya nyuma ili ukijikunjua ulisukume gari. Lilikuwa limepinda upande mmoja, gundi imechuruzika, solotepu kila mahali. Alipolala nikaingia kazini. Nikanyoosha boksi kwa rula, nikabandika karatasi ya kung'aa, nikachapa maelezo kwenye kompyuta. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yamevalishwa vipande vya puto lililopasuka, vimekunjamana vibaya. Nikavivua, nikavitupa.

Darasani gari likawekwa sakafuni, likaachiwa. Magurudumu yakazunguka kwa kasi, gari likabaki palepale. Plastiki tupu juu ya sakafu laini haishiki, inateleza tu. Hilo mwanangu alishaligundua siku mbili kabla, na vile vipande vya puto ndivyo vilivyokuwa dawa yake. Mimi niliona uchafu.

Tangu siku hiyo, kazi ya mtoto iliyonyooka kila kona hunitia shaka. Kwenye kazi yenye makovu unaona mahali alipokwama na alivyojinasua: tundu lililotobolewa mara mbili, mguu mmoja wa meza ulioongezewa kadibodi. Ukisawazisha hayo yote, umefuta daftari lake la mahesabu.

Wilbur na Orville Wright, ndugu wa Marekani waliokuja kubuni ndege, walikuwa na miaka 11 na 7 baba yao alipowaletea mwaka 1878 kidude cha kuruka cha mwanzi, karatasi na gome jepesi la kutengenezea vizibo, kilichoendeshwa na mpira. Kilipovunjika wakaunda vya kwao, wakizidisha ukubwa. Kila kilivyokuwa kikubwa ndivyo kilivyoruka vibaya. Baadaye, wakishakuwa watu wazima, walieleza kwamba enzi hizo hawakujua kuwa ukizidisha vipimo mara mbili unahitaji nguvu mara nane. Sidhani kama kuna mtu aliyewapaka rangi vile vilivyoshindwa kuruka.

Na zawadi kwa kazi iliyopendeza? Hapo pia twende taratibu. Mwaka 1973 mwanasaikolojia Mark Lepper na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya watoto wa chekechea waliokuwa wakipenda kuchora. Walioahidiwa cheti chenye nyota na utepe walichora, wakapewa. Wiki chache baadaye, walipoachwa wachague mchezo wautakao, muda wao wa kuchora ulikuwa kama nusu tu ya ule wa wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Kwa hiyo mwalimu anayetoa alama kwa kung'aa ana hasara mbili: huenda anampunguzia mtoto hamu ya kazi yenyewe, na nusu ya alama hizo anawapa wazazi. (Tunajijua.)

Sisemi mtoto aachwe peke yake. Wembe na gundi ya moto nashika mimi. Maandishi yasiyosomeka namwambia ayarudie, kwa mkono wake. Mengine nauliza tu: lilikataa wapi? Ukafanyaje? Swali la kwanza humfanya anune kidogo. La pili likifika, hanyamazi mpaka chakula kipoe.

Jioni ile alirudi na gari lake linalometameta chini ya kwapa. Hakulia. Aliuliza tu, "Baba, yale mapira yangu umeyaweka wapi?" Tukainamisha pipa la taka, tukaanza kutafuta.