Nyimbo za kuanza upya zinazomfaa mtu aliyeumia

Ndugu uliyeuliza ni nyimbo zipi umkusanyie dada yako, ambaye ndoa yake imevunjika na sasa anaanza maisha upya, ukaeleza kwamba zile za kuchangamsha ulizompelekea mwanzoni zilimchosha tu, ninakujibu kwa kirefu kwa sababu hali hiyo ninaifahamu. Nilipopoteza kazi niliyokuwa nimeifanya kwa miaka mingi, marafiki walinitumia nyimbo nyingi za kuhimiza watu wainuke na kusonga mbele, na wote walikuwa na nia njema kabisa. Sikuweza kuzisikiliza hadi mwisho. Mwimbaji alikuwa ameshafika kwenye raha, ilhali mimi hata usingizi ulikuwa bado haujanirudia.

Kwa maoni yangu, wimbo wa mwanzo mpya humfaa mtu aliyeumia pale unapokubali kwanza kuyataja, au walau kuyabeba katika muziki wake, yale yaliyokwisha. Mfano ulio wazi kuliko yote ni "I Will Survive" wa Gloria Gaynor, uliotoka mwaka 1978. Wengi tumeuzoea kwenye sherehe, watu wakiucheza kwa shangwe, na kwa hiyo tunaudhani kuwa wimbo wa furaha. Mwambie dada yako ausikilize akiwa peke yake. Unaanza na piano, kisha mwanamke anakiri kwamba aliogopa na kwamba hakuamini angeweza kuishi bila huyo aliyemwacha. Ngoma zinaingia baadaye.

Kuna jambo moja ndani yake ambalo mtu halitambui mpaka alifuatilie. Nyimbo nyingi hubadilisha sauti za ala zinapofika kwenye kiitikio, ili msikilizaji ahisi kwamba ametolewa sehemu moja na kupelekwa nyingine. Wimbo huu haufanyi hivyo: mfuatano uleule wa sauti, wenye huzuni ndani yake, unazunguka tangu ubeti wa kwanza hadi mwisho. Nilikuwa nikilifuatilia gitaa la besi peke yake, nikaona kwamba njia inayopita chini ya maneno ya hofu ndiyo hiyohiyo inayopita chini ya maneno ya ushindi, na kwamba kinachobadilika ni mwimbaji. Hicho ndicho nilichokihitaji wakati ule, maana mazingira yangu hayakuwa yamebadilika hata kidogo. Gaynor mwenyewe aliurekodi akiwa amevaa mkanda wa kushikilia mgongo, baada ya kuanguka jukwaani na kufanyiwa upasuaji wa uti wa mgongo.

Baada ya huo ningeweka "Feeling Good" kama alivyouimba Nina Simone mwaka 1965. Wimbo huu uliandikwa na Leslie Bricusse na Anthony Newley kwa ajili ya mchezo wa jukwaani, lakini ni Simone aliyeupa uzito tunaoujua. Anaanza bila ala yoyote, tena bila haraka, akitaja ndege, jua na upepo, na kila neno linapewa nafasi yake. Halafu vyombo vya kupuliza vinashuka kwa nguvu, na unashangaa kwamba maneno yanazungumzia siku mpya huku muziki ukiwa bado na kiza. Mtu aliyetoka kwenye ndoa iliyovunjika hatajiona anadanganywa na wimbo wa namna hiyo.

Kuhusu kuanza na huzuni, usiogope kwamba utamzamisha zaidi. Tangu miaka ya 1940, wataalamu wa tiba kwa muziki wamekuwa wakiifuata kanuni iliyoelezwa na daktari Ira Altshuler, kwamba mgonjwa aanzishiwe muziki unaofanana na hali yake ya wakati huo, kisha muziki ugeuzwe polepole kuelekea hali inayotakiwa. Kwa hiyo mpangilio wa nyimbo zako una uzito kama nyimbo zenyewe.

Hata nyimbo za watu wengi pamoja zina tabia hiyo ya kugeuka nyuma. "Auld Lang Syne", unaoimbwa katika nchi nyingi saa sita usiku mwaka unapogeuka, hausemi lolote kuhusu mwaka mpya. Maneno yake, ambayo mshairi wa Uskoti Robert Burns aliyapeleka kwa mchapishaji mwaka 1788, yanahusu marafiki wa zamani. Nao "Indépendance Cha Cha" wa Joseph Kabasele na bendi yake ya African Jazz, uliotungwa Brussels mwaka 1960 wakati wa mazungumzo ya uhuru wa Kongo, unawataja viongozi kwa majina, akiwemo Patrice Lumumba, aliyeuawa Januari 1961. Ni wimbo ninaoupenda mno, lakini kwa dada yako si wakati wake.

Nyimbo zenye mwanga zaidi ziwekwe mwishoni. "Here Comes the Sun" unafaa sana: George Harrison wa kundi la Beatles aliutunga mwaka 1969 katika bustani ya mwanamuziki mwenzake Eric Clapton, siku aliyoamua kutokwenda kwenye vikao vya biashara vilivyomchosha, na mwanga wake unaaminika kwa sababu majira ya baridi kali yanatajwa mapema kabisa.

Pengine utashauriwa kuongeza "(Just Like) Starting Over" wa John Lennon. Kengele ndogo inayoufungua ni ya kupendeza, hasa ukikumbuka kwamba albamu yake ya mwaka 1970 ilianza kwa kengele nzito kama ya mazishi, na kwamba huu ulitoka mwaka 1980 baada ya miaka mitano ya kukaa nyumbani kumlea mwanawe. Hata hivyo, ningekuomba usiuweke. Humo mwanamume anamwomba mwenzi wake yuleyule wa siku zote waanze upya pamoja, na kwa jinsi ulivyoeleza, dada yako hataki kurudi huko.